Nafasi Nne Mbele ya Ukuta

Nyumba yangu ilisimama mita tatu ndani ya kihamba cha jirani yangu, yaani shamba lake la ukoo, na aliyekosea ni mimi, si mashine.

Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa kijijini kwetu, habari ya nyumba ile ikitajwa, huanza kumlaumu Mchwa. Mchwa hakukosea. Alifanya kile kile nilichomwandikia.

Jina langu ni Elifuraha Mushi. Nina miaka hamsini na mitatu. Shule niliacha darasa la tano, nikashika mwiko, na kwa mikono hii nimejenga nyumba mia moja na nne za watu. Yangu haikuwepo hata moja. Mimi na mke wangu Ndeshi tulikaa kwenye vyumba viwili vya mbao alivyoacha marehemu baba, na kila Krismasi ukoo ulipopanda mlimani kutoka mijini, ndugu zangu walilala kwa majirani huku wakinicheka: fundi wa ukoo hana pa kulaza wageni.

Halafu akaja Mchwa, na kazi ya fundi wa mkono ikaisha mwaka ule ule. Mchwa ni mashine yenye ukubwa wa trekta. Anakula udongo wa hapo hapo kiwanjani, anautafuna, anautema ukuta. Asubuhi hadi jioni, nyumba imekwisha, paa na yote, kipande kimoja kama chungu. Ushirika wetu ulinunua mmoja. Kaya ni mia mbili na kitu, nyumba moja kila wiki mbili, kwa hiyo zamu yako ikishapita unangoja miaka tisa.

Sharti ni moja. Kila mwenye nyumba amwandikie Mchwa mwenyewe, ili ikitoka mbaya asimlaumu mtu. Ndiyo maana mzee kama mimi nilikuwa naenda darasani kila Jumatatu na Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, kujifunza kuiandikia mashine.

Ijumaa ya zamu yangu tuliondolewa kwa ajili ya vumbi, sisi na majirani wa pande zote. Jumamosi asubuhi tukaruhusiwa kurudi. Nyumba ilikuwa imesimama. Kuta zimenyooka kiasi kwamba nilizipapasa kwa kiganja nikatafuta kosa, sikuliona. Ndeshi alipiga kigelegele kimoja, akakimbilia jikoni. Kigelegele cha pili hakikutoka.

"Baba Gudlaki," aliita. "Njoo uone. Jikoni kuna kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wetu tulimla Pasaka. Huyu amelalia mayai."

Kweli. Pembeni mwa jiko, juu ya majani makavu ya mgomba, kuku mwekundu alikuwa ametulia akitutazama kana kwamba sisi ndio wageni. Mchwa hagusi kiumbe chenye pumzi. Anakizunguka, anaendelea na ukuta.

"Huyu ni wa Mama Aika," Ndeshi akasema. "Hulalia chini ya mti wake wa mwisho wa kahawa, ule mkahawa wa mpakani." Akageuka polepole. "Sasa mkahawa uko wapi?"

Nilitoka nje. Nikachukua futi kamba, nikaenda kwenye kigingi changu cha kona, kile ambacho Mchwa huanzia kuhesabu. Kutoka kwenye kigingi hadi ukuta wa kwanza ilitakiwa iwe sifuri. Ilikuwa mita nne. Nikapima tena. Mita nne. Upande wa pili, pale mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka, ulipokuwa umegawa kihamba chetu na chao tangu enzi za babu, masale hayakuwepo. Kiwanja changu kina upana wa mita kumi na tatu na nyumba yangu kumi na mbili. Hesabu hiyo hata darasa la tano linaiweza. Mita tatu zilikuwa kwa Mama Aika, na mikahawa saba ilikuwa imekwenda nazo.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa ni Daftari la Ardhi.

"Hongera. Ukuta wako wa mashariki umepokelewa kuwa mpaka. Pingamizi mwisho Ijumaa saa kumi jioni."

Daftari ni hivi. Zamani watu wa kwetu walipelekana mahakamani kwa upana wa jembe. Serikali ikachoka, ikaweka jicho juu angani na kitabu kisichoandikwa na mtu. Mchwa akijenga, Daftari linaona, na baada ya siku saba ukuta ndio mpaka. Daftari linamwamini Mchwa kwa sababu mashine haina tamaa. Mchwa analiamini Daftari kwa sababu ukuta wa jana ndio ramani ya leo. Kila mmoja anamwamini mwenzake, na sisi tunawaamini wote wawili. Tangu hapo hakuna kesi ya mpaka iliyofunguliwa tarafa nzima, na masale yamebaki kuwa pambo.

"Umefanya nini?" Ndeshi aliniuliza.

"Sijui bado."

"Basi kajue kabla Mama Aika hajarudi Jumanne. Ameenda Moshi kutengenezwa macho. Atarudi anaona."

*

Mwalimu wetu, Nakijwa, ni mama wa Kipare wa umri wangu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Jumatatu nilimkuta ukumbini peke yake, nikamfungulia maandishi yangu kwenye kioo cha kompyuta. Nayaweka hapa, ila nimeruka mistari mitano ya katikati inayofanana:

kama mvua_hainyeshi:
    jenga("""
    UUDUUUUUDUUU
    U   U   U  U
    U   U   U  U
    UUMUUUUMUUUU
    """)

U ni ukuta, D ni dirisha, M ni mlango. Herufi moja ni mita moja. Mahali patupu ni mahali patupu.

Nakijwa aliangalia kwa muda mfupi sana.

"Baba," alisema, "haya maandishi mbona yameingia ndani?"

"Yameingia kwa sababu yako chini ya *kama*. Ulitufundisha wewe: amri iliyo chini ya *kama* isogezwe nafasi nne."

"Amri, ndiyo. Ramani si amri. Nilisema nini kuhusu alama tatu?"

Nilikumbuka vizuri. Maneno ya mstari mmoja unayafunga kwa alama moja kila upande. Ukivunja mstari katikati, Mchwa anawasha taa nyekundu na kukataa kazi. Ukitaka mistari mingi, unafungua kwa alama tatu na kufunga kwa tatu, na kila kilicho kati yake Mchwa anakichukua kama kilivyo. Mistari, nafasi, yote.

"Kama kilivyo," Nakijwa alirudia. "Nikasema ramani iguse ukingo wa kushoto, hata ikionekana mbaya. Uliiona mbaya?"

"Ilikuwa mbaya sana, mwalimu. Amri imeingia ndani, ramani imechomoza nje kama jino bovu. Mimi fundi. Siwezi kuacha kitu kimechomoza."

"Ukafanya nini?"

Nilisita, nikamwambia. Nilikuwa nimetundika timazi yangu mbele ya kioo, ile yenye uzi na kipande cha shaba cha kupimia unyoofu, nikasogeza kila mstari mpaka yote ikashika uzi mmoja. Nafasi nne kila mstari.

Nakijwa alicheka mpaka akavuta kiti. Alicheka huku akijipangusa macho kwa kona ya kitenge, kila akinyamaza anaitazama timazi mfukoni mwangu, anaanza upya.

"Miaka sita nafundisha," alisema. "Watu wamesahau kufunga alama, nyumba nzima ikasomwa kama maneno, Mchwa akasimama siku nzima bila kujenga hata choo. Ila timazi! Nafasi nne, mita nne. Na ule mstari mtupu baada ya alama za kufungua nao amekuhesabia, bila shaka nyumba imeshuka mita moja kusini."

"Imeshuka. Kusini hakuna mtu."

"Na mashariki?"

"Mashariki kuna Mama Aika."

Hapo kicheko kikamwisha.

"Paa linaweza kukatwa?" aliuliza.

"Ni kipande kimoja. Ukikata ukuta mmoja linashuka lote."

"Basi una mambo mawili. Kumwambia, au kungoja Ijumaa saa kumi." Akafunga kioo. "Mimi ni Mpare, sisi tunasemwa tunapenda kesi. Ila sitakushauri. Ukumbi huu nafundisha kuandika tu."

Nikaenda nyumbani nikamweleza Ndeshi. Alikuwa anapanga sufuria kwenye jiko jipya, akimzunguka yule kuku kwa adabu.

"Miaka thelathini nimengoja jiko langu mwenyewe," alisema bila kugeuka. "Sikwambii unyamaze, sikwambii useme. Ila usiniulize leo. Leo niache nipike."

Kwa hiyo nilinyamaza. Nilijiambia nangoja macho ya Mama Aika yapone. Huo ulikuwa uongo, na niliujua, lakini usingizi wa nyumba mpya ni mtamu.

*

Jumatano saa nne asubuhi Mama Aika alikuja. Ni mama wa miaka sitini na minane, mkunga mstaafu, nusu ya kijiji ameipokea yeye kwa mikono yake, na Gudlaki wangu yumo. Mdomo wake hauna breki. Siku ile alikuja kimya, ana miwani nyeusi ya hospitali, kibuyu cha maziwa mkono mmoja. Mkono wa pili alishika jani la isale lililofungwa fundo.

Nilisimama. Kwetu isale likifungwa fundo na kukabidhiwa, aliyepewa hana budi kusamehe. Hata kama umemchomea ghala. Nilidhani amejua, na kwamba amekuja kuniambia mimi ndiye wa kumletea isale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Kaa." Akabaki amesimama. "Jana nimerudi na macho mapya. Nimeuona ukuta. Nikafungua simu, Daftari linasema mpaka ni ule. Sikulala."

"Mama..."

"Niache nimalize, ni vigumu. Mashine haiongopi. Kwa hiyo miaka arobaini tumechuma kahawa kwenye ardhi ya baba yako. Masale yale aliyapanda upya marehemu mume wangu, mwaka wa mvua kubwa, peke yake, hakumwita mtu. Aliniambia maji yamebeba ya zamani. Kumbe alisogeza." Akaligeuza isale mkononi. "Nimezaa naye watoto watano, sikujua nalala na mwizi. Pokea, fundi. Utusamehe, mimi na yeye."

Akaninyooshea isale.

Nilipokea. Nitasema ukweli, nilipokea. Mkono ulitoka wenyewe, kwa sababu isale halikataliwi. Akashusha pumzi, akampa Ndeshi maziwa, akaingia jikoni kumwona kuku wake.

"We mpumbavu," alimwambia kuku, "umehamia kwa matajiri." Akaondoka.

Ndeshi alikiweka kibuyu chini bila kukifungua.

"Baba Gudlaki."

"Naam."

"Sasa niulize."

"Nifanyeje?"

"Maziwa haya siwezi kuyanywa," alisema. "Na kupikia siwezi."

*

Alhamisi nilikata isale kwenye mpaka wangu wa chini, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Mama Aika. Alikuwa anachambua mbegu za maharage barazani. Akaona jani, akaweka ungo chini.

"Unanirudishia langu? Umekataa kutusamehe?"

"Hapana, mama. Lako liko nyumbani. Hili ni langu. Lipokee."

"La nini?"

"Pokea kwanza, halafu nikuambie."

"Ala! Huo ni mtego." Akakunja mikono kifuani. "Mimi nimezalisha wanawake elfu moja na zaidi, sijawahi kupokea kitu bila kukiona kichwa. Sema kwanza."

Nikasema. Nilisema vibaya, nilianza na alama tatu, nikarudi kwenye *kama*, nikachora kwa kidole kwenye vumbi la baraza. Nikamwonyesha herufi zikigusa ukingo, halafu zikisogezwa nafasi nne. Nilipofika kwenye timazi aliinua mkono.

"Ngoja. Mashine haikukosea."

"Haikukosea. Niliyeiandikia ndiye aliyekosea."

"Na masale yalikuwa mahali pake."

"Yalikuwa mahali pake, mama. Mzee alipanda sawasawa. Nimepima kutoka kwenye kigingi, mita kumi na tatu kamili."

Alisimama, akaingia ndani. Nilisikia kiti kikivutwa, kitu kikigongwa ukutani mara mbili, halafu sauti yake, kali, kama anamgombeza mtu: "Na wewe kwa nini hukumwita shahidi? Siku mbili nimeigeuzia picha yako ukutani, mzee wa watu!" Kisha akacheka, au akalia, sikujua.

Alirudi bila miwani. Macho yalikuwa mekundu, ya upasuaji au ya mengine.

"Lete hilo jani," alisema. Akalipokea. "Nimekusamehe. Sasa vunja."

"Mama, naweza..."

"Vunja, fundi. Isale ni la moyo, mita tatu ni za wanangu. Krismasi wanakuja wote, sitawaonyesha jiko la Ndeshi niwaambie hapa ndipo palipokuwa na kahawa."

"Nitavunja."

"Kesho kwanza uende kwa Daftari, kabla ya saa kumi." Akaokota ungo. "Na kuku wangu amebakiza siku nne kuangua. Anzia chumbani. Ukimwangushia hata kokoto, hilo isale nalirudisha."

*

Ofisi ya kata ina karani mmoja wa Daftari, Bwana Kimambo, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Nilimweleza. Akabofya, akakunja uso.

"Inauliza mlalamikaji ni nani."

"Mimi."

"Na mlalamikiwa?"

"Mimi."

"Haipo hiyo. Mzee, huwezi kujilalamikia. Mtu akishinda anashinda. Kwani umegombana na nani nyumbani?"

"Sijagombana. Andika."

"Hakuna mahali pa kuandika. Kuna kisanduku kimoja tu cha maelezo, na hicho kinapokea mstari mmoja. Ukibonyeza kushuka chini, kinakataa."

"Kinakataa kwa taa nyekundu?"

"Nyekundu."

Nikamwomba kiti chake. Hakupenda, lakini saa nane ilikuwa imepita na nilikuwa na vumbi la kutosha kumchafulia tai. Nikafungua kwa alama tatu, nikaandika kwa kidole kimoja:

"""
Mimi Elifuraha Mushi nimejenga ndani ya ardhi ya Mama Aika.
Yeye hakuingia kwangu, wala mume wake hakuiba.
Nilisogeza maandishi nafasi nne ili yapendeze.
Rudisheni mpaka ulipokuwa. Nyumba naivunja mwenyewe.
"""

Taa haikuwaka. Kimambo aliinama juu ya bega langu, kinywa wazi.

"Kumbe kinapokea!" Akanyoosha kidole. "Ila mzee, ungesogeza mistari ndani kidogo, ingekaa kiofisi."

"Usiguse!" nilipiga kelele, hata mlinzi akachungulia.

Saa tisa na dakika kumi jibu likaja. Mpaka umerudishwa. Jina la marehemu halina doa. Kwa kuwa Mchwa alitumika nje ya kiwanja, zamu ya kaya imehesabiwa kuwa imetumika.

Kimambo alilisoma mara mbili kwa sauti, akavua miwani yake.

"Miaka kumi na moja niko hapa," alisema. "Hili ni pingamizi la kwanza lililoshinda."

"Nani ameshinda?"

Akafikiri. "Sijui niandike nani," alisema, akacheka, nami nikacheka, tukapeana mikono kama watu waliotoka harusini.

Gharama yake ilikuwa hivi. Nyumba moja ya vyumba vitatu, iliyokaliwa siku tisa. Siku kumi na tisa za kuibomoa kwa nyundo, mipini miwili imevunjika, na kidole gumba kimoja cha kushoto hakikunji tena vizuri. Mikahawa saba, na miche saba niliyopanda badala yake, ambayo itazaa baada ya miaka mitatu. Masale thelathini na sita, nimeyapanda kwa kamba, Mama Aika amesimama pembeni akinikosoa kila shimo. Jiko moja la Ndeshi, alilopikia mara kumi na saba, alikuwa anahesabu. Krismasi moja, ndugu thelathini na mmoja chini ya turubai, na mvua ilinyesha siku ya pili. Chumba kimoja cha tofali nilichokisimamisha kwa mkono kufikia mwaka mpya, cha mia moja na tano katika maisha yangu na cha kwanza kuwa changu. Na zamu ya Mchwa, miaka tisa. Ikifika nitakuwa na miaka sitini na miwili.